Mimi ndiye ninayewaangalia kwenye skrini

Wanaoandika kuhusu mabosi kufuatilia wafanyakazi kwa mitambo wengi ni wale wanaofuatiliwa. Mimi niko upande wa pili. Naratibu magari ya mfanyabiashara mmoja wa jumla hapa Kigoma mjini: saruji, bati, sukari na mafuta ya kula kwenda Uvinza, Kasulu, Kibondo mpaka Kakonko. Kila lori lina traka, kifaa kinachoonyesha lilipo, na sehemu kubwa ya siku yangu ni kuitazama ramani. Lori likitembea alama yake ni ya kijani, injini ikizimwa inakuwa nyekundu, likisimama huku injini inanguruma inageuka njano. Nikiona njano imekaa sana, napiga simu.

Traka za malori nazitetea, tena bila aibu. Kabla hazijafungwa, dizeli ilikuwa inanyonywa njiani na kila mtu anamnyooshea kidole mwenzake. Sasa kwenye tenki kuna kipimo; mstari wa mafuta ukiporomoka ghafla wakati gari limesimama, hakuna injini inayokunywa namna hiyo. Mabasi ya mikoani nayo yanafuatiliwa mwendo wake na LATRA, mamlaka ya serikali ya usafiri wa ardhini, na sijasikia abiria akinung'unika. Lori ni mali ya tajiri, liko kazini, na dereva anajua lina kifaa.

Ila hata traka inataka mtu anayeielewa. Barabara zetu zina vipande ambavyo mtandao unapotea. Kifaa hakilali, kinatunza kumbukumbu zake na mtandao ukirudi kinazimwaga zote kwa mkupuo. Lakini kwa muda ule, kwenye skrini lori limeganda palepale. Bosi akipita nyuma ya kiti changu anauliza, "Huyo kalala?" Hajalala, bosi, ni mnara. Kuna dereva mmoja mtu mzima, mzee ambaye siwezi kumuuliza yuko wapi kabla sijampa shikamoo yake, aliandikiwa barua ya onyo kwa kusimama kwa namna hiyo. Nikasubiri kumbukumbu zishuke, nikachapa safari nzima, kila nukta na saa yake na mwendo wake, nikaziweka mezani. Barua ikatolewa kwenye faili. Sasa jiulize, kampuni ambazo anayeangalia ramani hajui hilo, ni madereva wangapi wana barua za mnara?

Kilichonifanya niandike leo ni simu. Vijana wetu wa mauzo, wanaozungukia maduka ya Mwanga, Gungu, Ujiji na Mwandiga kuchukua oda, waliambiwa waweke programu inayoonyesha walipo. Simu ni zao, bando ni lao, na programu yenyewe haina saa ya kufunga. Usiku nawaona. Jumapili nawaona. Sijaomba kuwaona, lakini nikifungua ramani kutafuta lori lililochelewa, nao wamo humohumo. Asubuhi moja bosi akamuuliza kijana mbele ya watu, "Jana saa tatu usiku ulikuwa Katonga, kwa nani?" Ofisi nzima ikacheka. Kijana naye akacheka, kile kicheko cha mtu anayeitaka kazi yake. Alikuwa kwa nani hakunihusu mimi, wala hakumhusu bosi.

Bosi anasema walikubali wenyewe. Waliambiwa asiyeiweka arudishe kitambulisho. Hiyo ni ridhaa ya aina gani? Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda maisha binafsi ya mtu, familia yake, unyumba wake na mawasiliano yake, na haisemi ulinzi huo unakoma ukiajiriwa. Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Anayekusanya taarifa zako anatakiwa akwambie kwanza anazitakia nini, na azitumie kwa hilo. Sisi tulisema tunataka kujua kama maduka yametembelewa. Duka gani linatembelewa Katonga saa tatu usiku? Anayeona ameonewa ana pa kwenda, ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Wenzetu Ulaya wameshapelekana mahakamani kwa mambo haya. Romania kuna mhandisi, Bărbulescu, alifukuzwa kazi mwaka 2007 baada ya mwajiri wake kusoma mazungumzo yake ya Yahoo Messenger na kuyachapa, kurasa 45, yakiwemo ya kaka yake na mchumba wake. Akaunti aliifungua kwa agizo la kampuni, na kutumia vifaa vya kazi kwa mambo binafsi kulikatazwa, hilo alilijua. Bado, tarehe 5 Septemba 2017, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliona kwa kura 11 kwa 6 kwamba faragha yake haikulindwa. Hakuna aliyeonyesha kwamba aliambiwa mapema jinsi atakavyofuatiliwa na kwa kina gani. Miaka kumi ya kesi kwa jambo ambalo barua ya ukurasa mmoja ingelisema.

Na mashine ya alama za vidole pale mlangoni nisiisahau. Sheria yetu inaziweka alama hizo kwenye taarifa nyeti, zinazohitaji ridhaa ya maandishi. Makuli wetu hawajasaini chochote. Isitoshe, mtu aliyebeba mifuko ya saruji miaka na miaka vidole vimesuguliwa vikawa laini; anabonyeza, anafuta kwenye suruali, anabonyeza tena, mashine inalia tu. Kwa mashine huyo ni mtoro, na mimi namwona kwa macho yangu tangu saa kumi na mbili asubuhi yuko kwenye lori.

Wiki iliyopita niliingia ofisini kwa bosi na mambo manne. Programu ya simu izimike saa kumi na moja jioni na isiwake Jumapili. Iandikwe barua ya Kiswahili inayosema tunaangalia nini na nani anaangalia, kila mtu apewe nakala yake. Makuli warudishiwe daftari la mahudhurio. Na bando lilipwe na kampuni, kwa kuwa ni kazi ya kampuni. Alisikiliza vizuri tu. Muda amekubali, barua ameniambia niiandike mwenyewe, daftari limerudi jana. La bando anasema hesabu zake bado hazijakaa sawa.