Pale Aliposimama Mpiga Picha wa Kwanza

Picha ya zamani ya vinu vya unga vya Minneapolis, Marekani, niliyokuwa nayo haikuandikwa mwaka, ilibidi isomwe. Maghala ya zege, yale ya duara, yalikuwa yameshasimama kando ya kinu cha Washburn, kwa hiyo haikupigwa kabla ya 1906. Treni ilikuwa inapita juu ya Stone Arch Bridge, daraja la reli la mto Mississippi, na matao ya mawe hayakuguswa bado. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mawili yaliondolewa, likawekwa daraja la chuma ili mashua zipite chini.

Asubuhi hiyo ya Januari mimi na mpwa wangu tulishuka ukingo wa mashariki wa Mississippi ili kuipiga upya picha ile ile kutoka mahali pale pale, baridi nyuzi 15 chini ya sifuri. Miti haikuwa na majani, na mbingu ilikuwa na mawingu, jambo nililolitaka. Wengi husubiri jua. Lakini ukuta wa kinu ulio upande wa mto unatazama kaskazini-mashariki, na jua la majira ya baridi hupita kusini. Likiwaka, kinu chote huwa kivuli.

Kazi ngumu ni kupata pale aliposimama mpiga picha wa kwanza. Tulichagua vitu viwili, kimoja karibu na kingine mbali: pembe ya kinu na ukingo wa ghala nyuma yake, tukalinganisha mwanya kati yao na ule wa picha ya zamani. Ukisogea kulia, kilicho karibu huonekana kuhamia kushoto mbele ya kilicho mbali.

"Mjomba, mwanya umezidi," mpwa wangu aliita, nakala ya picha ya zamani mkononi. "Rudi kushoto kidogo."

Mwanya ulipolingana tukaja kwenye umbali: kama matao yanaonekana makubwa mno yakilinganishwa na kinu, rudi nyuma. Hapo usihangaike na lenzi. Lenzi hukata tu kipande kikubwa au kidogo. Uwiano wa vitu unatokana na mahali ulipo.

Kamera niliiweka sawa kabisa kwa pima maji. Ukiiinua kidogo tu, maghala hulala kuelekea ndani kana kwamba yanaanguka, na hayatalingana na picha ya kwanza. Theluji nayo huidanganya kamera ikatoka ya kijivu, hivyo niliongeza mwanga hatua moja, yaani mara mbili. Betri ya akiba ilikaa mfuko wa ndani wa shati, maana baridi huifanya ionekane imeisha ilhali ina chaji.

Kwenye kioo cha kamera madirisha ya kinu yalikuwa matupu. Kinu cha kwanza mahali hapo kililipuka 1878 na kuua watu 18: vumbi la unga lililojaa hewani hushika moto kwa cheche moja. Kilijengwa upya, kikafungwa 1965, kikaungua 1991. Jumba la makumbusho lililofunguliwa humo 2003 liliziacha kuta zilivyo, na kwangu huo ulikuwa uamuzi bora kuliko kuzipaka sura mpya. Kushoto, ukumbi wa maigizo wa Guthrie wa 2006, wa buluu iliyokolea, umejaza sehemu ambayo picha ya zamani ina anga.

Kabla ya kuingia nyumbani niliifunga kamera kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, nikauacha hivyo mpaka ikapata joto la chumba. Umande ukashika nje ya plastiki badala ya kwenye lenzi.