Steringi hafi, nani kasema?

Siku moja bibi alinisikia nalalama "jamani nimebakiwa na roho moja tu", akaacha kukuna nazi akanitizama. "Kwani wewe umepewa ngapi?" Ikabidi nimueleze kama kwenye gemu mtu anaanza na roho tatu, akifa anaamka tena, akasema basi huyo si mtu huyo paka.

Sie watoto wa Jang'ombe, Unguja, maneno ya gemu tulijitungia wenyewe. Bosi wa mwisho tukimwita zimwi. Na kodi, yaani mpangilio wa siri wa vitufe vya kubonyeza upewe vya bure, zile za gemu ya San Andreas, ziliandikwa kwenye karatasi ya daftari la skuli mpaka imechakaa: R1, R2, L1, X, halafu kushoto chini kulia juu, kushoto chini kulia juu, unashushiwa dola 250,000 na afya imejaa. Bibi aliposikia "nipe kodi ya pesa" akauliza hata humo ndani mnatozwa?

Ila mwisho wa gemu hakuna aliyeujua. Banda la gemu tulilipia kwa nusu saa, na ile plei, mashine ya PlayStation 2 (PS2), haikuwa na memori kadi ya kuhifadhi ulipofika, kwahiyo kila siku unaanza upya, CJ, steringi wa San Andreas, anashuka tena uwanja wa ndege, Tenpenny, polisi muovu, anamnyang'anya tena pesa zake. Miaka yote ile mie sikutoka nje ya Los Santos, mji wa mwanzo, wallahi.

Halafu ukaja ule msimu wa giza, umeme wa kutoka bara umekatika Unguja nzima toka Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Mwenye banda akafunga, petroli ya jenereta ilimshinda. Basi magharibi ikiingia tunakaa barazani gizani tunahadithiana gemu, na hapo ndo nikausikia mwisho wa San Andreas kwa mara ya kwanza, tena miisho mitano tofauti. Mmoja akasema CJ anamchinja Tenpenny, mwengine anamtia risasi saba, mwengine mama yake CJ kumbe hajafa. Tuligombana lakini kanuni moja tulikubaliana wote, steringi hafi.

(Kama hujazimaliza hizi gemu ishia hapa, usije kunilaumu.)

Nilipokuja kuimaliza mwenyewe, mtu mzima nna ajira, nikakuta Tenpenny anakufa kwa gari. Ajali! Kaiba gari la zimamoto anakimbia, linamshinda, linaporomoka darajani mpaka chini Grove Street, anatoka anatambaa anakata roho mwenyewe, CJ kasimama tu. Nilitamani wale wa barazani wawepo, yule wa risasi saba hasa.

God of War II ndo ilinikera zaidi. Kratos, steringi wake, kapanda na majitu wanaukwea mlima Olympus, anamtukana Zeus, mkuu wa miungu, skrini inazima, imekwisha hiyo. Bibi hajapatapo kutukatia hadithi zimwi liko mlangoni. Ya tatu ikatoka Machi 2010, mwezi huohuo umeme uliorudi, lakini ni ya PS3 na banda letu lilikuwa na PS2, kwahiyo sie Kratos tulimuacha mlimani.

Sasa hii Red Dead Redemption 2 nimeimaliza juzi saa nane usiku, na mpwa wangu pembeni hataki kulala. Humu kuna mstari wa heshima, ukiiba unashuka, ukimsalimia mtu njiani unapanda, nikasema hii gemu imetengenezwa na mtu wa kwetu. Nikawa simpiti mtu bila salamu. Lakini huko mwanzoni Arthur, steringi wenyewe, katumwa kudai deni kwa mtu mgonjwa, anampiga, yule anamkoholea usoni, na wewe unasahau, unawinda zako unavua samaki, saa chungu nzima, kumbe ndo keshaambukizwa kifua kikuu. Hapo huna kodi ya kubonyeza. Nilikuwa nimesalimia watu wote wale na bado. Heshima inachobadilisha ni vile anavyokufa, mie wangu alifia mlimani anatizama jua linachomoza, pumzi zinakatika.

Mpwa akasema, "Anko si urudi ulipo-sevu?" Nikamwambia nirudi wapi, akauliza kabakiwa na roho ngapi, nikanyamaza.

Tena gemu yenyewe haikwishi. Miaka inapita, unapewa John Marston, rafiki yake, umo kwenye shamba la watu unakamua ng'ombe na kuzoa mavi. Mpwa akangoja kidogo labda watatokea maadui. Hawakutokea. "Huyu simtaki", akaenda kulala. Mie nikaendelea kuzoa.