Ororo, mtoto aliyefukiwa kifusini

Jana usiku nimemaliza kusoma upya maisha ya Ororo Munroe, yule Storm wa X-Men, kundi la mashujaa wa vitabu vya katuni, aliyebuniwa na Len Wein na Dave Cockrum mwaka 1975, na hadi asubuhi hii moyo wangu haujatulia. Mama yake alikuwa binti wa kifalme kutoka Kenya, baba yake mpiga picha Mmarekani. Walipokuwa wakiishi Cairo, ndege ya kivita iliangukia nyumba yao, wazazi wakafa, naye, angali mtoto mdogo, akabaki amefukiwa chini ya kifusi karibu na mwili wa mama yake.

Mimi niliwahi kukwama kwenye lifti umeme ulipokatika, nikawa napapasa ukuta wa chuma gizani huku shati limenilowa jasho; kwa hiyo sishangai kwamba mwanamke anayeamrisha radi na upepo hutetemeka akifungiwa mahali pembamba.

Alikuwa mwizi wa mifukoni mitaani Cairo, kisha akasafiri hadi Kenya, ambako watu walimwabudu kama mungu wa mvua mpaka Charles Xavier, mwanzilishi wa X-Men, alipomfuata.

Hata hivyo, sehemu ninayoipenda kuliko zote ni ile ya miaka ya 1980, anaponyang'anywa nguvu zake. Akiwa hana hata upepo wa kumtii, alipambana na Cyclops, shujaa mwenzake wa X-Men, kuwania uongozi wa kundi, akamshinda. Ukurasa huo niliurudia mara tatu kabla ya kuzima taa.