Mbuzi, Koki na Gata

Tarehe 28 Desemba. Nimekaa kwenye ngazi ya jikoni, ndoo ya mwisho ya maji ya mvua iko pembeni yangu, na nguo za kanisani bado zinanuka uvundo. Nilipanga kuandika kabla ya Krismasi, lakini kabla ya Krismasi sikuwa mtu wa kuandika, nilikuwa mtu wa kudeki.

Nianzie kwenye gata. Mwezi wa kumi na moja tulimwita fundi apake rangi fishabodi. Akafungua gata za upande wa stoo, akaziegemeza ukutani, akapaka rangi vizuri tu, akachukua hela yake yote (kosa langu, najua), akasema, "Dada, kesho asubuhi narudi kuzifunga." Kesho zenyewe nimeacha kuzihesabu. Kila nikimpigia yuko njiani. Sasa bati la upande ule linamwaga moja kwa moja mlangoni pa stoo, na stoo yetu iko chini kidogo ya usawa wa ua. Kwa hiyo tangu Desemba ianze nilikuwa na ombi moja mbele za Mungu: mvua isubiri. Sikuomba isinyeshe. Mimi ni mtoto wa Ugogo, huku Dodoma kwenye ukame, siwezi kuomba ujinga wa namna hiyo. Isubiri tu mpaka tarehe 26, wageni waje, wale, waondoke, turubai lirudi kwa mwenyewe, na fundi ashikwe na aibu.

Tarehe 21 mama akaja na gari la asubuhi kutoka Mvumi. "Mbukwenyi!" tukasikia salamu ya Kigogo getini, watoto wakatoka mbio, shikamoo Bibi, shikamoo Bibi, wakampokea kiroba cha karanga, mfuko wa mlenda mkavu, na mbuzi. Mbuzi dume, mweupe mwenye doa jeusi jichoni, mwenye sura ya mtu aliyedanganywa nauli.

Hakuwa amekaa hata nusu saa akauliza, "Huku mmepata hata manyunyu?"

"Bado, Mama."

Akatikisa kichwa, akatazama juu kama mtu anayetafuta bati linalovuja. Mwaka huu alipanda uwele kavu. Kwa wasiojua mambo yetu: unaberega, yaani unasafisha shamba na kuchoma takataka bila kulima, unachimba vishimo, unafukia mbegu kwenye vumbi, halafu unasubiri. Ukiwahi, mvua ya kwanza inaikuta mbegu kitandani. Mvua ikichelewa, panya na mchwa ndio wanaovuna. Na Dodoma haina msimu wa pili wa kukufuta machozi. Mvua yetu ni moja, inaanza Desemba au inachungulia mwishoni mwa Novemba, inaisha Aprili, na katikati hapo Februari inaweza kukata wiki kadhaa kama inakupima.

Kwa hiyo jioni ya siku ile, wakati wa sala, nyumba moja ikapeleka maombi mawili. Mama akaomba kwa sauti, kama kawaida yake, mvua ije, ije usiku huu huu, ishuke bila upepo. Mimi nikaomba kimya. Nilidhani kimya kinanisitiri. Ikafika zamu ya kitindamimba wangu, miaka sita, amefumba macho yote mawili kwa nguvu:

"Mungu, Bibi anataka mvua inyeshe. Mama anataka isinyeshe kwa sababu ya gata. Wewe chagua. Amina."

Baba watoto akakohoa, akainama kutafuta kandambili ambazo alikuwa amezivaa. Mama hakusema kitu mpaka tulipobaki wawili tukichambua mchele. "Mwanangu," akasema, bila ukali, "unamsumbua Mungu kwa ajili ya bomba la bati?"

Nikamweleza habari ya stoo. Akasikiliza yote. Kisha akanisimulia tena habari ya Mtunya, ambayo nimeisikia tangu naota meno, ila safari hii niliisikia vingine. Bibi yake aliiona ile njaa akiwa msichana, ya mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza. Wajerumani walikuwa wamechukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, Waingereza walipoingia nao wakachukua, halafu mvua nayo ikagoma. Watu walikufa Ugogo yote, waliobaki wakatawanyika kutafuta chakula. Yule bibi hakuwahi kumaliza sala bila kutaja mvua, iwe harusi, iwe msiba, iwe kipaimara. Mama anayo tabia hiyo hiyo. Nikiwa mdogo niliona ni mazoea ya uzee. Usiku ule, mkono ndani ya ungo, niliona kwamba mama anapoomba mvua haombi hali ya hewa. Anaomba chakula cha mwaka mzima. Lakini nami, nisiwe mnafiki, niliendelea kuwaza mfuko wangu wa sembe wa kilo hamsini.

Sasa mbuzi.

Mtoto wangu wa pili ndiye aliyepewa kazi ya kumfunga. Mti tuliouotesha kwenye ua ni mwarobaini mmoja mwembamba kama mwanafunzi wa bweni, akaona hautamudu. Akamfunga kwenye koki ya simtanki. Usiku wa kuamkia tarehe 23 mbwa wa mtaani wakapita wakibwekeana, mbuzi akashtuka, akazunguka, akavuta. Nilisikia mlio kama kizibo cha soda kubwa. Nikadhani ni jirani.

Saa kumi alfajiri mama alitoka kwenda chooni akakanyaga tope. Alipiga kelele ya furaha kabisa: "Imenyesha!" Baba watoto akakurupuka na bukta yake ya kulalia, akatoka mbio na tochi ya simu, wakakutana uso kwa uso, mkwe na mkwe, mmoja na kanga, mwingine na bukta yenye picha za ndizi. Wanaojua heshima ya mkwe kwetu watanielewa nikisema kwamba mume wangu alizunguka nyumba nzima kwa nje ili arudi ndani kupitia mlango wa mbele, ambao ulikuwa umefungwa.

Lita elfu moja zote zilikuwa zimekwenda ardhini. Koki imekatika shingoni, mbuzi amesimama kwenye tope kamba ikining'inia, anatafuna jani la mwarobaini akilitema. Asubuhi jirani akachungulia ukutani: "Mama Mdogo, hii mvua mmeagiza ya kwenu peke yenu?"

Zamu yetu ya mgao ilikuwa tarehe 26. Wageni wanaanza kuingia kesho. Tulinunua madumu ya mkokoteni, jirani akatuazima mapipa mawili, baba watoto akafunga koki mpya kwenye tanki tupu. Na mimi nikiwa naosha vyombo vya watu saba kwa beseni moja la maji, ya kwanza ya sabuni na ya mwisho ya sabuni pia, nikajikuta nasimama, mikono ina povu, nabadilisha ombi. Nilimwambia Mungu: basi, inyeshe. Niliona haya kidogo. Ni kama mtu aliyekataa wali kwa madaha, sahani inaondolewa anaivuta.

Mama hakuniuliza, lakini nadhani alijua, maana jioni ile aliomba kwa ufupi.

Tarehe 24 joto lilikuwa la kuchemsha yai. Mdogo wangu aliingia mchana na treni ya SGR kutoka Dar, chini ya saa nne, anajisifu kana kwamba reli alitandika yeye. Mji ulikuwa umepungua watu. Tangu serikali ihamie huku tunabanana mwaka mzima, lakini ikifika wiki ya Krismasi wa Moshi wanakwenda Moshi, wa Mbeya wanakwenda Mbeya, nasi wenyewe tunarudishiwa barabara zetu kwa siku tatu.

Saa kumi, wakati tunavaa tayari kwa ibada ya mkesha, nikamkuta mama anatoa mabeseni nje. Mabeseni, sufuria kubwa za shughuli, ndoo, hata karai la zege, amezipanga mstari chini ya bati lisilo na gata. Mfuko wa mchele ameshaupandisha juu ya meza ya stoo. Mbingu ni bluu, hakuna wingu la kufuta hata jasho.

"Mama, imani yako inanitisha."

"Imani?" Akanyoosha kidole kwenye kichuguu nyuma ya choo. "Njoo uone."

Nikainama. Ukuta wa kichuguu ulikuwa umefunguliwa vitundu, vipya, udongo wake bado mbichi, na kila kitundu kina mchwa mdogo amekaa mlangoni kama askari wa zamu. Ndani, nyuma yao, kitu kinameremeta: mabawa.

"Kumbikumbi wanachungulia," akasema. "Wale hawatoki kwa ajili ya sherehe zenu." Akajifuta mikono, akaenda kufunga kitambaa. Mfuko wa sembe aliuacha sakafuni kwa sababu ulimshinda uzito, akaniagiza nimwite baba watoto auinue. Nikasema nitamwita. Mtu wa kesho si fundi peke yake.

Kanisani watoto walikuwa na igizo. Kitindamimba alikuwa mchungaji, amefungwa shuka jekundu na kupewa kondoo wa pamba. Bibi yake alikuwa ameshalikosoa igizo tangu nyumbani. Yeye amechunga tangu akiwa na miaka saba, kwa hiyo habari ya wale wachungaji wa Bethlehemu anaisoma kama taarifa ya kazi. "Fimbo iko wapi? Mtu analinda mbuzi usiku mikono mitupu, fisi je?" Ikabidi mtoto apewe mpini wa fagio. Na ndiye mchungaji pekee aliyekuwa na silaha usiku ule.

Malaika, msichana wa darasa la nne mwenye sauti nzuri, alikuwa amepanda kwenye kiti na kufungua mdomo, msiogope, ndipo bati la kanisa likapiga. Kwanza matone machache, mazito, kama mtu anarusha kokoto. Kisha yote kwa pamoja. Waliokulia chini ya bati wanajua: hapo hakuna kipaza sauti kinachosaidia. Malaika aliendelea kusogeza midomo. Wachungaji wakaacha kumtazama wakatazama juu. Harufu ya vumbi lililolowa ikaingia madirishani, ile harufu ambayo huku kwetu mtu mzima anaifumbia macho.

Na mama yangu, mwanamke anayenikanya nikinong'ona kanisani, alisimama katikati ya benchi akapiga vigelegele. Virefu. Mama mmoja wa nyuma akaitikia, kisha upande wote wa wanawake, mpaka mchungaji wa kanisa akafunga kitabu chake akakaa, anacheka. Mtoto wangu alikuwa amesimama mbele na mpini wa fagio, ameutazama upande wetu, midomo inasema: "Kachagua!"

Nililia, sikatai. Nililia vizuri tu kwa dakika kama mbili, halafu nikakumbuka mfuko wa sembe.

Tulirudi saa nne usiku tukikanyaga mito. Stoo maji yalikuwa ya kifundo cha mguu. Sembe ilikuwa imeshakuwa uji upande wa chini, begi la nguo mpya za watoto limeogelea mpaka kona ya mkaa, na gata, zile gata, zilikuwa zimelala palepale ukutani, safi kabisa, zimeoshwa. Ila mabeseni yote yalikuwa yamejaa yanafurika. Baba watoto alikinga ndoo baada ya ndoo akimimina kwenye tanki, safari hii akiwa amevaa suruali.

Mvua ilipokatika, taa ya nje ikavamiwa. Kumbikumbi kwa maelfu. Watoto wakaweka beseni la maji chini ya taa, wakazima za ndani, wakawa wanawakusanya wanaoanguka huku wanapiga kelele kama mchana. Mama akawakaanga saa sita usiku kwa chumvi tu, akapepeta mabawa kwenye ungo hatua mbili kutoka mahali nilipokuwa nakamua maji kwa dekio. Mabawa yakanijaa kwenye nywele. Mdogo wangu wa Dar alisema hali wadudu. Alikula vikombe viwili.

Siku yenyewe ya Krismasi ilipita haraka. Mzee wa nyumba ya jirani alimchinja mbuzi, kama tunavyofanya kila mwaka ili sufuria iwe ya wote, na alipoelezwa habari ya koki alimtazama mbuzi kwa heshima kidogo kabla ya bismillahi. Pilau ilipikwa kwa maji ya mvua. Watoto walivaa nguo za mwaka jana.

Mama alikaa kwa mateso. Kila baada ya muda anatoka kutazama upande wa Mvumi, kama uwele unaweza kuonekana kutoka uani kwetu. Tarehe 26 alfajiri alikuwa getini na jembe jipya alilonunuliwa na baba watoto, hataki chai.

Amebipu jana jioni, nikampigia. Uwele umeota, amehesabu mistari mpaka giza lilipoingia, kuna sehemu panya wamepita lakini atajazia. Aliongea kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, salio likiwa langu. Mwishoni akauliza kama fundi wa gata amekuja.

Nikamwambia amesema kesho.