Mpira Usio na Namba

Bao lenyewe lilikuwa la kijinga. Shuti la mbali, jioni, jua limeshashuka nyuma ya mikorosho, na mimi nikaja kuuona mpira ukiwa umebakiza hatua tatu kunifikia. Nikapeleka mikono, ukapita. Tukatolewa, na hata jezi hatujavua tayari mtu kasema nimekula hela. Hela gani, mwanafunzi wa kidato cha tatu? Hakuna aliyeuliza.

Ilikuwa 2014, mwaka ambao Ndanda ilipanda Ligi Kuu, na kila kijana wa Mtwara mjini aliyewahi kuvaa glovu alijiona yuko golini pale Nangwanda Sijaona. Mikono nilikuwa nayo, urefu pia. "Macho yako yamelala," Kocha aliniambia kesho yake. Akanipa wiki mbili kuyaamsha.

Kocha wetu alifundisha Baiolojia na alikuwa mtu wa kusoma. Kwenye mkoba alibeba makaratasi aliyochapisha intaneti kafe, yanayomhusu Joan Vickers, mtafiti wa Kanada aliyechunguza wacheza gofu wanatazama wapi, akakuta walio hodari hutuliza jicho kwenye shabaha kwa kitambo kabla hawajapiga. Kocha aliliita "jicho tulivu", akilitamka kama jina la dawa. Kwa magolikipa alikuwa na hesabu yake: penalti ni mita 11, na shuti kali linafika golini ndani ya nusu sekunde. Ukingoja kuona mpira unakwenda wapi, utauokota wavuni. Tazama nyonga. Tazama ule mguu usiopiga, umekanyaga ukielekea wapi.

Zoezi la kwanza lilikuwa la uzi. Aliomba mshipi kwa wavuvi wa Shangani, akautungia shanga tatu ambazo hatukuthubutu kuuliza zimetoka wapi. Ncha moja alifunga kwenye nguzo ya goli, nyingine unaishika puani. Ukikazia ushanga mmoja kwa macho yote mawili, mshipi unaonekana kama miwili inayokatana palepale kwenye ushanga, mithili ya herufi X. Ukiona mmoja tu, jicho moja linategea. Mimi niliona miwili, safi kabisa, kwenye ushanga wa karibu na wa kati. Wa tatu ulikuwa na ukungu kidogo, nikanyamaza. Kocha akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kisha ikaja mipira ya tenisi. Aliiandika namba kwa maka peni, moja hadi tisa, akawa anairusha kutoka hatua kama nane. Uidake huku ukiitaja namba. Wenzangu walipatia nusu, wakakosa nusu, wakacheka. Mimi sikuwa naona namba yoyote. Nilichokiona ni kitu cha manjano kinakua. Lakini kusema "sioni" siku chache baada ya bao lile ilikuwa sawa na kuvua glovu mwenyewe, kwa hiyo nikawa nakisia. "Tano!" "Mbili!" Mara mojamoja nabahatisha, na sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko ya wote.

Siku ya tatu Kocha akarusha, nikadaka, nikapaza: "Saba!"

Kimya. Akaja taratibu, akaniambia niugeuze. Nikaugeuza huku na huku. Mpira ulikuwa mtupu, hauna hata alama ya wino.

Nilidhani atanichapa. Akanionyesha kibao cha duka ng'ambo ya barabara. "Soma pale."

"Nasoma nini, Kocha?"

"Darasani unakaa wapi?"

"Mbele."

Akachukua makaratasi yake, akayarudisha mkobani bila kusema kitu. Nadhani yeye ndiye aliyeumia zaidi. Siku zote zile alikuwa anamfundisha kutazama mtu asiyeona mbali, na mshipi wake ulikuwa umetudanganya wote wawili, maana mwenye tatizo langu karibu anaona vizuri tu.

Jumatatu baba alinipeleka hospitali ya mkoa, Ligula. Kwenye ubao wa herufi nilisoma ile kubwa ya juu, zilizofuata nikazikisia kwa mazoea. Mpimaji akacheka: "Usinisaidie, mdogo wangu. Sema unachoona."

Miwani ilipopatikana niliifunga kisogoni kwa mpira wa kaptura ya zamani, nikarudi uwanjani nikiwa kama fundi wa kuchomelea. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Kocha hakucheka. Alihesabu hatua zake nane, akachomoa mpira mmoja mfukoni, akaurusha.

Safari hii uliandikwa herufi badala ya namba, na nilizisoma zote ukiwa bado hewani.

"Soma kwa sauti," akasema Kocha.

"MWONGO," nikasoma.