Kumbukumbu ya mradi: ruhusa za hifadhi ya ukoo, na kistari kilichowafungia wazee nje

Mistari ya ruhusa ya hifadhi yetu imekubali. Nimeingia kwa akaunti ya majaribio iliyo kwenye kundi la wazee lakini haimo kwenye baraza la shauri la bondeni, nikaandika anwani ya ukurasa moja kwa moja juu ya kivinjari, nikakataliwa. Nikatoka, nikaingia kwa akaunti ya pili iliyomo kwenye baraza, ukurasa ukafunguka na kitufe cha kuhariri kikiwepo. Nimerudia kwa picha na kwa matoleo ya zamani ya ukurasa. Kila mlango unaotakiwa kufungwa umefungwa, na wenye haki wanaingia. Nina furaha kubwa, maana jambo hili lilininyima usingizi.

Kwa ambao hawakufuatilia: hifadhi yetu ya ukoo iko kwenye DokuWiki, programu ya wiki, yaani ya kuandika kurasa kwa pamoja kupitia kivinjari. Ndani yake kuna nasaba, kumbukumbu za vikao, michango ya misiba, namba za simu za ndugu walioko Korogwe, Dar es Salaam, Mombasa na Muscat, na mashauri ya mashamba. Seva, mandhari na uhamishaji wa madaftari ya zamani nilishavieleza. Leo ni ruhusa tu.

Tatizo lenyewe ni hili. Wazee wote wa ukoo wanasoma na kuandika kwenye folda ya mashauri. Likaja shauri la mpaka wa shamba la bondeni, na baba mdogo, ambaye ni mzee kamili wa kikao, ni upande mmojawapo wa shauri. Wanaojadili hawawezi kuandika kwa uhuru huku mwenye kesi anasoma. Yeye mwenyewe ndiye aliyelisema kwanza: "Mwanangu, hilo msinifungulie. Mtu hakai kwenye baraza la shauri lake." Kwa hiyo nilitakiwa kumwacha ndani ya kundi la wazee, aendelee kusoma mashauri mengine yote, ila hili moja asilione.

Ukilisikia unadhani ni la dakika tano: unaandika mstari wenye jina lake na sifuri pembeni, basi. Haifanyi kazi mstari huo ukikaa ngazi moja na mstari wa kundi lake, na ukijua sababu utakuwa umeielewa DokuWiki yote.

Mnazijua namba za ruhusa: 0 hakuna, 1 kusoma, 2 kuhariri, 4 kuunda, 8 kupakia, 16 kufuta, na kubwa hubeba ndogo zake. Kinachosahaulika ni jinsi mfumo unavyochagua mstari. Unaanza na ukurasa wenyewe, usipopata mstari unaomhusu mtumiaji unapanda kwenye folda yake, halafu folda ya juu, mpaka kileleni. Ngazi ya kwanza yenye mstari wowote unaomhusu, unasimama hapo. Na ndani ya ngazi hiyo, mistari yote inayomhusu, iwe ya jina lake, ya kundi lake au ya @ALL (yaani watu wote; @ ni alama ya kundi), inalinganishwa na *namba kubwa ndiyo inayoshinda*. Mstari wa jina la mtu hauna uzito zaidi ya mstari wa kundi. Kwa hiyo nikimpa baba mdogo 0 kwenye mashauri, na kundi la wazee lina 8 hapohapo, yeye ana 8. Sifuri yake haina kazi yoyote. Kuunda kundi la "waliozuiwa" na kulipa 0 nako ni bure kwa sababu hiyohiyo.

Lifikirie kama jengo la ghorofa: kwenye ghorofa moja funguo zinajumlishwa tu, hazipunguzwi. Ukitaka kumpunguzia mtu, shuka ghorofa ya chini, funga kwa wote, kisha gawa funguo upya.

Nikaandika hivi kwenye conf/acl.auth.php, faili la ruhusa (nyota ni kila kilichomo kwenye folda):

mashauri:*  @ALL  0
mashauri:*  @wazee  8
mashauri:bondeni:*  @ALL  0
mashauri:bondeni:*  @baraza-bondeni  8

Mstari wa tatu ndio moyo wa kazi. Wengi huandika wa nne peke yake wakiamini kwamba kumtaja anayeingia ni sawa na kumfungia asiyetajwa. Sivyo. Bila wa tatu, mzee asiye kwenye baraza hana mstari unaomhusu kwenye bondeni, mfumo unapanda kwenye mashauri, unamkuta ni @wazee mwenye 8, unamfungulia. Wa tatu unamhusu kila mtu, kwa hiyo unazuia kupanda. Saltzer na Schroeder, wataalamu wa usalama wa kompyuta, waliandika tangu 1975 kwamba usalama uanze na kukataa, ruhusa ije baadaye kwa mwenye sababu. Hapa kanuni yao inaonekana kwa macho, kwenye mstari mmoja wa maandishi.

Nikahifadhi, nikajaribu. Baba mdogo (akaunti yake ya mfano) akafungiwa. Safi. Wajumbe wa baraza nao wakafungiwa, wote, akiwemo mwenyekiti.

Hapo ndipo muda wangu ulipoishia. Mantiki ya mistari ni sahihi. Niliipitia kwa kalamu na karatasi, ngazi kwa ngazi, mtumiaji kwa mtumiaji. Kwenye conf/users.auth.php, faili la watumiaji, wajumbe wamo, jina la kundi ni lilelile herufi kwa herufi. Nikafuta kashe, nikawasha upya PHP, nikabadili nafasi kuwa tabo na tabo kuwa nafasi. Hakuna. Na kinachoudhi kuliko vyote ni ukimya. Kwenye logi hakuna onyo wala hakuna mstari unaosema kwamba kundi fulani halikutambulika. Faili linasomwa, mstari unarukwa, maisha yanaendelea. Mfumo wa ruhusa unaoruka mstari kimyakimya unamweka msimamizi gizani, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu DokuWiki naipenda.

Kilichoniokoa ni kufuta mstari ule na kuuweka upya kupitia ukurasa wa usimamizi wa ruhusa, badala ya kuhariri faili kwa mkono. Ukafanya kazi papo hapo. Nikafungua faili kuona kimebadilika nini, nikakuta hiki:

mashauri:bondeni:*  @baraza%2dbondeni  8

Kistari! Ndani ya faili la ruhusa, majina ya watumiaji na makundi huandikwa kwa kusimbwa: kila herufi isiyo alfabeti wala tarakimu hugeuzwa. Kistari kinakuwa %2d, kistari cha chini kinakuwa %5f, nafasi inakuwa %20. Mfumo unapomkagua mtumiaji unalisimba kundi lake kwanza, halafu unalilinganisha na kilichoandikwa kwenye faili. Faili langu lilikuwa na kistari cha kawaida, haviwezi kulingana milele. Na angalieni mtego wake: upande wa folda kistari hakisimbwi. Ukiwa na folda inayoitwa bonde-la-juu unaiandika hivyohivyo. Ni kundi na jina la mtumiaji tu vinavyosimbwa. Mstari mmoja, kanuni mbili.

Kuanzia sasa makundi yangu yote yana majina yasiyo na kistari wala nafasi: barazabondeni, mwekahazina, vijana. Hayapendezi machoni lakini hayatanisumbua tena.

Ndugu mmoja aliniuliza kwa nini nisihamie BookStack, programu nyingine ya kazi hii, yenye sura nzuri na majukumu yaliyopangwa kwenye ukurasa mmoja wa visanduku vya kuweka tiki. Nimeitumia, ni kazi nzuri, na kwa ofisi yenye wafanyakazi wa vitengo ningeipendekeza bila kusita. Lakini hata nayo ina mambo yake: ruhusa ulizoweka kwenye rafu hazishuki zenyewe kwenye vitabu vilivyomo, inabidi ubonyeze kuzinakili, na kitabu utakachokiongeza kesho kitakuja na ruhusa zake. Picha nazo, kwa mpangilio wa kawaida, hufunguka kwa yeyote mwenye anwani yake mpaka ubadilishe aina ya hifadhi kwenye mipangilio ya seva. MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia, sitaki hata kuijaribu kwa kazi hii. Walioitengeneza wenyewe wanaonya kwamba haikuundwa kwa ajili ya kuficha ukurasa mmojammoja. DokuWiki haina hifadhidata, kila ukurasa ni faili la maandishi, umeme ukikatika sina jedwali la kukarabati, na nakala rudufu ni kunakili folda. Kwa ukoo ambao hifadhi yake lazima iendelee kusomeka hata mimi nisipokuwepo, hilo ndilo linaloamua.

Sasa, mpango wa wiki hii ulikuwa kuskani daftari la pili la michango. Sijaligusa. Nikiwa nasoma namna DokuWiki inavyopakia orodha ya ruhusa nikakutana na %GROUP%, alama inayosimama badala ya jina la kundi la aliyeingia, na nikaacha kila kitu.

Ukoo wetu una nyumba kadhaa, kila nyumba inataka kona yake: mipango ya harusi, wagonjwa, madeni ya ndani. Nilikuwa nimepanga kuandika mistari miwili kwa kila nyumba. Badala yake:

nyumba:*  @ALL  0
nyumba:%GROUP%:*  %GROUP%  8

Basi. Mtumiaji anapoingia, mstari wa pili unazaliwa upya kwa kila kundi alilomo yeye tu. Mtu wa kundi la nyumbakubwa anapata nyumba:nyumbakubwa, akijaribu ya wenzake hana mstari kwenye ngazi hiyo, anapanda, anakutana na sifuri. Mgeni asiyeingia hana kundi, mstari unarukwa. Nyumba mpya ikitokea naunda kundi tu, faili la ruhusa siligusi. Na usimbaji wa jina mfumo unaufanya wenyewe hapa, hivyo hata kundi lenye kistari lingekubali.

Kuna athari moja ya pembeni. Kila aliyesajiliwa yumo kwenye kundi la user, kwa hiyo nyumba:user nayo imefunguka kwa wote. Nilitaka kuifunga kwa @ALL 0, lakini ni ghorofa ileile na namba kubwa inashinda, haifungiki. Nimeiacha iwe ubao wa matangazo wa ukoo mzima. Shangazi ameshaweka tangazo la arobaini, kwa hiyo imepata kazi.

Nikajiuliza kama mashauri nayo yaende kwa mtindo huu. Yanaweza, kwa sharti moja: @wazee aondolewe kwenye mashauri:* kabisa, la sivyo aliyeachwa nje ya baraza atapanda na kupita kwa mgongo wa kundi la wazee. Yaani kila shauri liwe na baraza lake kwa jina, hata lile lisilo na mgongano. Nimempelekea mwenyekiti swali hilo, kwa kuwa ni uamuzi wa wazee, si wangu wa kiufundi. Mpaka ajibu, mistari minne inabaki.

Mambo ya kuangalia kwa wenye hifadhi kama hii, bila mpangilio. Picha inafuata ruhusa za folda yake yenyewe, haifuati za ukurasa ilimowekwa. Picha za masale (mimea ya kuonyesha mpaka) ya mpakani zilikuwa kwenye folda ya jumla ya picha, na ukurasa uliofungwa haukuzilinda hata kidogo, nimezihamishia mashauri:bondeni. Vilevile, maandishi ukiyakata kutoka ukurasa wa wazi na kuyabandika kwenye uliofungwa, toleo la zamani linabaki kwenye data/attic, folda ya matoleo ya zamani, na anayeusoma ukurasa ule wa wazi analisoma na hilo. Nimeyaondoa kwa mkono. Kama seva yako ya wavuti ni Nginx kumbuka haisomi .htaccess (faili la kuzuia watu kufungua folda), kwa hiyo folda ya data uizuie mwenyewe kwenye mipangilio. Na usijaribu ruhusa kwa akaunti ya msimamizi mkuu, yeye orodha ya ruhusa haimgusi.

Wazee waliuliza nani anaweza kufuta. Jibu liliwashangaza: ile 16 ni ya picha na mafaili tu. Ukurasa unafutwa na yeyote mwenye ruhusa ya kuhariri, kwa kuhifadhi ukurasa mtupu, ingawa toleo la awali linabaki na linarudishika. Tumekubaliana kumbukumbu za vikao zikishapitishwa zinashuka kuwa 1 kwa wote, kwa ngazi ya ukurasa wenyewe.

Kilichobaki ni mimi. Msimamizi mkuu anaona vyote, na hata nikijivua cheo hicho, aliye na ufunguo wa seva anasoma mafaili kwa amri moja. Hakuna mstari wa ruhusa unaoweza kunizuia. Nimewaeleza wazee waziwazi, na tumeamua wasia na makubaliano ya mirathi visiingie kabisa. Vinabaki kwenye bahasha kwa mwenyekiti, na kwenye hifadhi kuna ukurasa unaosema tu bahasha ipo na nani waliishuhudia. Taarifa za magonjwa nazo nimeziondoa kwenye kurasa za vikao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu kuwa nyeti, na hata isingekuwepo, mgonjwa ana haki yake.

Kesho namtumia baba mdogo nenosiri lake. Atakuta mashauri yote, isipokuwa la kwake. Kisha narudi kwenye daftari la michango, kama mwenyekiti hatakuwa amejibu lile swali la mabaraza.