"Madam, naomba niseme kwa Kiswahili"

Nimefika nyumbani saa mbili usiku, umeme upo leo, chai inapoa mezani na nina rundo la insha za mwaka wa kwanza ambazo nilitakiwa niwe nimezimaliza tangu Jumatatu. Sijagusa hata moja. Nataka kwanza niandike hiki kitu kabla hakijanitoka kichwani.

Kwa ambao ni wageni hapa, mimi nafundisha ile kozi ya stadi za mawasiliano ambayo kila mwanafunzi anayeingia chuo lazima aipitie, awe amekuja kusoma uhasibu, kilimo, sheria au ualimu. Wengi wanaichukulia kama kozi ya kupita tu, ila ikikukamata unapata sapu, yaani mtihani wa kurudia, kama kozi nyingine yoyote. Ukumbini wanajaa karibu 400, wengine wanasimama madirishani, maiki inakata kila baada ya dakika mbili, na mimi nawafundisha kuchukua notsi, kupanga aya, kunukuu vyanzo, kuandika barua ya kuomba kazi, vyote kwa Kiingereza. Na hapo ndo penye kidonda changu. Mtaala wetu umeandikwa kana kwamba Kiingereza wanacho tayari na kazi yangu ni kukipiga pasi tu. Wengi hawana. Nguo yenyewe bado haijashonwa.

Sasa Jumanne kwenye semina, darasa dogo la watu 30 hivi, tulikuwa tumesoma makala fupi kuhusu bei za mazao afu nikauliza swali jepesi kabisa, mmeelewa nini. Kimya. Kimya kile nakikumbuka vizuri tangu na mimi niko upande ule wa madawati, ni cha mtu anayepanga sentensi kichwani, anaikagua, anaona ina kosa mahali, anaimeza, anaanza kupanga nyingine, mpaka mwalimu anakata tamaa anajijibu mwenyewe. Nyuma kabisa binti mmoja akanyoosha mkono nusu, kiwiko bado kipo mezani, akasema, "Madam, naomba niseme kwa Kiswahili." Darasa likacheka. Na mimi, kwa sababu utaratibu wetu ni Kiingereza tu ndani ya darasa, nikamwambia ajaribu kwa Kiingereza. Akashusha mkono, akasema "basi madam", akainamia daftari mpaka kipindi kinaisha.

Usiku ule sikulala vizuri. Mimi nilivaa kibao. Kidato cha kwanza, shule ya kata, ukikamatwa umeongea Kiswahili unavishwa kibao cha mbao kwa kamba shingoni, unakaa nacho mpaka umpate mwingine aliyeteleza umvishe yeye, na wa mwisho siku hiyo anachapwa. Kilichotokea ni kwamba sisi watoto wa Kayumba, yaani wa shule za msingi za serikali, tukaacha kuongea. Si Kiswahili tu, tuliacha kuongea kabisa, mapumziko unakuta wasichana wamekaa chini ya mwembe wanatazamana. Nilikuwa nimetoka darasa la saba najua mmeng'enyo wa chakula mdomoni mpaka utumbo mpana, naweza kumchorea mtu na kumweleza, Januari ikafika nikaambiwa sasa ni "digestion", na mwalimu aliponiuliza nikasimama nimekauka. Nilikuwa najua! Hilo linaniuma mpaka leo, kwamba nilikuwa najua na nikaandikwa sifuri. Na juzi nimemvisha mtoto wa watu kibao kilekile, tofauti ni kwamba changu hakina kamba.

Jumatano mchana akaja ofisini. Shikamoo madam, marahaba mama, karibu, kaa. Kaleta insha yake niipitie kabla ya kukusanya, kichwa chake ni changamoto za zao la pamba. Nikaanza kusoma na mstari wa kwanza tu nikajua limetoka wapi, lile desa linalozunguka kwenye vimbweta kila mwaka, pamba ni mojawapo ya mazao ya biashara linalolimwa maeneo mengi, changamoto ya kwanza mtaji, ya pili pembejeo, ya tatu miundombinu. Kiingereza chake kilikuwa safi kwa sababu hakikuwa chake. Nikaiweka pembeni nikamuuliza kwa Kiswahili, wewe kwenu wapi? Bariadi. Mnalima pamba? Akacheka, akasema madam mimi nimesomeshwa na pamba.

Basi akaanza. Akaniambia mama yake analima heka tatu, na siku ya kupeleka mzigo kwenye kituo cha kununulia, mzani unachezewa, mkulima analijua hilo tangu anatoka nyumbani, kwa hiyo usiku kabla ya kupeleka anamwagia pamba maji, wengine wanatia mchanga, ili kilo zitakazoibiwa pale zifidiwe. Mnunuzi naye anajua kwamba wakulima wanamwagia maji, kwa hiyo anapanga bei ya chini akiwa ameshahesabu maji ndani yake. Mwaka unaofuata bei ni mbaya zaidi na mkulima anaongeza ndoo. Na pamba ikifika jineri, kiwandani inakochambuliwa, imeloa, imechafuka, hata yule mkulima mmoja ambaye hakumwagia chochote anaumia na wenzake. Alikuwa anaeleza kwa mikono yote miwili, mara anakuwa mama yake, mara anakuwa karani wa mzani. Nilikuwa nimekaa mbele ya mtu mwenye hoja, hoja yenye chanzo, na matokeo, na matokeo yanayorudi kuwa chanzo, yaani kile ninachohangaika kukifundisha ubaoni muhula mzima. Kwenye insha yake hakikuwemo hata kidogo. Nikamuuliza kwa nini hukuandika hivi? Akanijibu taratibu, "Hii sina Kiingereza chake, madam."

Nikampa karatasi nyeupe, nikamwambia niandikie sentensi moja tu, ile ya mzani na maji. Akaandika: *The weight is steal us so my mother he put water.*

Hapo nataka nikae kidogo manake ndo penye somo lenyewe. Mtu mwingine akiiona hiyo sentensi anachukua peni nyekundu anaimaliza, kosa, kosa, kosa, mbili kwa kumi. Mimi nilipoitazama niliona Kiswahili kimesimama nyuma yake kimenyooka kabisa. Angalia hiyo "my mother he". Sisi tunasema mama anaweka, na hiyo "a" lazima iwepo, huwezi kusema mama naweka ukimaanisha yeye, ukiitoa sentensi inaharibika. Tena hiyo "a" yetu haijali kama ni mama au baba. Kwa hiyo binti kaichukua ile "a" kaitafutia pa kukaa kwenye Kiingereza, akaipa "he". Ni akili ile, hajakosea kwa uvivu. Afu "steal us": unatuibia, ndani ya neno moja tuna "tu" na tuna ile "i" ya kuibia inayobeba kwamba tunaibiwa sisi, Kiingereza hakina hiyo "i", kinaweka neno zima pembeni, "from". Nikamwonesha vitu hivyo viwili tu. Nikamuuliza na huo wizi ni wa leo au wa kila msimu? Kila msimu madam. Basi hiyo "is" haina kazi hapo, tia "s" kwenye kitenzi. Na mzani ni "scale", "weight" ni ule uzito wenyewe. Akafuta, akaandika, akafuta, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo kama mtoto anayejifunza kuumba herufi: *The scale steals from us every season, so my mother adds water to the cotton.*

Aliisoma kwa sauti mara tatu. Mara ya tatu alikuwa ameacha kutazama karatasi.

Dakika 20 zilitosha kwa hilo, na mimi ndo kwanza nimeelewa kwa vitendo kitu nilichokuwa nakisema mdomoni tu, kwamba Kiingereza kwetu ni lugha ya kigeni na kifundishwe kama lugha ya kigeni, kwa kupitia lugha ambayo mtu tayari anafikiri nayo. Unamshika mkono kutoka alipo. Huwezi kumfundisha mtu kuogelea kwa kumwambia kwanza avuke.

Tena hili si jipya. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, ile ya Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari 1985 na chuo kikuu 1992. Serikali haikulikubali hilo. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Criper na Dodd, wakapima Kiingereza cha wanafunzi wetu wakakuta kwamba kati ya wa chuo kikuu waliowapima, chini ya asilimia 20 ndo walikuwa kwenye kiwango cha kusoma bila taabu hata vile vitabu vyepesi vya masomo yao. Chini ya asilimia 20, na hiyo ni miaka ambayo kuingia chuo kikuu ilikuwa kupenya tundu la sindano! Halafu tunakaa kwenye vikao tunasema wanafunzi wa siku hizi wameharibiwa na simu. Na wanaosema Kiswahili hakiwezi kubeba elimu ya chuo, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam somo la Kiswahili linafundishwa kwa Kiswahili tangu 1970, watu wameandika mpaka tasnifu za uzamivu, mbona mbingu haijaanguka.

Ila nisiseme upande mmoja. Nilipowaambia wanafunzi jana kwamba nataka tubadili utaratibu, kijana mmoja alisimama, naye ni mtoto wa Kayumba kama mimi, akasema, "Madam, samahani, huko nje intavyuu ni ya Kiingereza, ukituzoesha Kiswahili humu utatuangusha." Hakuna aliyecheka. Na ana haki, yule kijana nimemfikiria sana, manake wazazi wake wameuza vitu ili aje hapa, na wenzake waliosoma ingilishi midiamu wanatema ung'eng'e koridoni na anaona wanavyosikilizwa hata wakiwa hawana la kusema. Anachokitaka nakitaka pia. Nataka atoke hapa anaongea Kiingereza mbele ya meza ya watu watano bila kutetemeka. Nilimjibu kwamba mdomo haufunguki kwa kufungwa, tutatumia Kiswahili kupanga mawazo na Kiingereza kuyasema. Hakuonekana kuridhika sana. Tutaona.

Kwa hiyo leo Alhamisi nimejaribu. Dakika kumi za kwanza wawili wawili, kwa Kiswahili, eleza kitu kimoja cha nyumbani kwenu ambacho vitabu vinakikosea. Jamani, lile darasa lilipiga kelele mpaka mwenzangu wa chumba cha pili akachungulia mlangoni. Baada ya hapo kila jozi iandike sentensi tatu za Kiingereza, afu mtu asimame aseme, na anayecheka anatoka nje. Kimya kilirudi, ila safari hii hakikukaa sana. Kijana wa Rufiji akaongelea mafuriko, mwingine bei ya mabati, "r" na "l" zinapishana lakini tunaelewa, na yule wa intavyuu naye alisimama.

Binti wa Bariadi alikuwa wa tano. Alianza vizuri, akaisema ile sentensi ya mzani yote bila karatasi, akaendelea na mnunuzi anavyopanga bei, afu akafika kwenye jineri akakwama. Hakuwa na neno. Mkono wake ulikuwa unazunguka hewani kama mashine yenyewe inavyozunguka, kutenganisha nyuzi na mbegu, wote tuliiona hiyo mashine. Nilikuwa nalijua hilo neno na nilijizuia kwa nguvu zangu zote. Sekunde zikapita. Kutoka mbele mtu akasema kwa sauti ya chini, "Sema jineri tu, dada, tumekuelewa." Akasema *"Ahsante. So, the jineri…"* na akaendelea mpaka mwisho, maji, bei, maji tena, mama yake akiwa bado "he" mahali pawili.

Sasa niko hapa na fomu yake ya alama. Kozi weki ni asilimia 40, na prezentesheni ya leo imo humo. Kuna kiboksi cha matamshi, nimejaza. Cha mpangilio, nimejaza, nimempa zote. Cha sarufi ni kumi, na mwongozo unasema kila kosa la kiwakilishi na la upatanisho likatwe, na lugha nyingine isitumike, nikiufuata anapata nne. Peni ipo mkononi, saa nne imeshapita, na hicho kiboksi kimoja bado ni cheupe.